Kuvunja kota za umma na kujenga upya: Magomeni, Buxton na Pangani zikilinganishwa

Kota za zamani za miji yetu zinaondoka moja baada ya nyingine. Zilijengwa enzi za ukoloni au miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa ajili ya makarani, wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa manispaa. Leo zimekaa mahali ambapo kiwanja ni ghali kuliko nyumba iliyo juu yake, na wakati huohuo watu hawana pa kukaa. Serikali ya Kenya imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni 2, ya Tanzania milioni 3, na kila moja inakadiria mahitaji ya nyumba mpya kama 200,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hoja ya kuondoa nyumba za chini na kupandisha maghorofa ina uzito, na siipingi.

Ninachopinga ni jinsi uamuzi unavyofanywa. Wakazi huitwa mkutanoni, wakaonyeshwa picha za majengo yenye vioo na watoto wanaocheza kwenye nyasi, wakaulizwa kama wamependa. Mkataba unajadiliwa kwingine. Mambo yanayoamua maisha yao ni matatu tu: nani atarudi, nyumba ngapi zitaongezeka kwa ajili ya wengine, na kiwanja kitabaki mikononi mwa nani kazi ikiisha.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mpangaji wa nyumba ya kaunti au halmashauri aliyepata barua ya kuhama, na kwa diwani au mwakilishi wa wadi atakayenyoosha mkono kupitisha mradi. Nimechagua miradi mitatu inayojulikana.

| | Magomeni Kota, Dar es Salaam | Buxton, Mombasa | Pangani, Nairobi |
|---|---|---|---|
| Aliyejenga | Serikali kupitia Wakala wa Majengo (TBA) | Mwekezaji binafsi kwa ubia na kaunti | Mwekezaji binafsi kwa ubia na kaunti |
| Kaya au nyumba za zamani | 644 | 520 | 48 |
| Nyumba mpya | 656 | Zaidi ya 1,800 kwa mpango mzima | 1,562 kwa mpango mzima |
| Wakazi walisubirije | Karibu miaka kumi nje ya eneo lao | Sh 240,000 za Kenya za kupangisha kwingine | Sh 600,000 za Kenya za kupangisha kwingine |

Magomeni: serikali ijenge yenyewe

Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakiambiwa kwamba manispaa itajenga upya pamoja na mwekezaji. Nyumba zikavunjwa, ujenzi usije. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaagiza serikali yenyewe ijenge na wakazi wakirudi wakae miaka mitano bila kulipa kodi. TBA ikajenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua nyumba 656. Wakazi wakafunguliwa pia mlango wa kununua kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani kulipia nyumba polepole huku mtu akikaa ndani yake, bila kubebeshwa gharama ya ardhi.

Kwa upande wa haki, sijaona mradi wa aina hii Afrika Mashariki ulioushinda huu. Kaya zilijulikana kwa idadi, watu walishikamana muda wote huo, na idadi hiyohiyo ndiyo iliyofunguliwa milango. Mtu aliyefukuzwa karibu na Kariakoo akarudi karibu na Kariakoo, wala hakupewa kiwanja cha fidia Chanika, pembezoni mwa jiji, akaambiwa ashukuru.

Lakini toa 644 katika 656. Zinabaki 12. Katika mji wenye njaa ya nyumba, eneo zuri kiasi hicho limeongeza nyumba kumi na mbili. Najua majengo yale yamechukua sehemu tu ya eneo lote na nafasi ya kujenga zaidi ipo. Hata hivyo, kama kipimo ni upungufu wa nyumba, awamu ile ililipa deni kwa watu waliodhulumiwa na haikugusa foleni ya wanaosubiri.

Kuna pia suala la fedha. Ujenzi uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 50 za Tanzania, yaani zaidi ya milioni 75 kwa kila nyumba, na zote zilitoka hazina. Chukua milioni 75 uzidishe kwa upungufu wa nyumba milioni 3: unapata shilingi trilioni 225. Bajeti nzima ya Tanzania ya mwaka 2022/23 ilikuwa kama trilioni 41.5. Serikali inaweza kufanya Magomeni moja, hata tano. Haiwezi kufanya Magomeni kila wilaya kama fedha hazirudi kujenga nyingine.

Na hapa kwenye fedha kutorudi ndipo suala la kiwanja linapoingia. Magomeni iko kwenye Barabara ya Morogoro, njia ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kazi mwaka 2016. Barabara ile imejengwa kwa fedha na mikopo ya umma, na ndiyo iliyopandisha thamani ya kila mita ya eneo lile. Nyumba ikiuzwa bila gharama ya ardhi, na baadaye mnunuzi akawa huru kuiuza kwa bei ya soko, thamani hiyo iliyotengenezwa na walipakodi wa nchi nzima inaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa waliosota miaka kumi naona ni halali yao. Kwa miradi inayokuja, haifai kuwa kanuni.

Buxton na Pangani: kaunti ilete ardhi, mwekezaji alete fedha

Ubia una hoja yenye nguvu, na hoja hiyo ni idadi. Pangani ilikuwa na nyumba 48 kwenye ekari kama tano, hatua chache kutoka katikati ya Nairobi. Mpango ulikuwa nyumba 1,562: kwa kila nyumba moja iliyovunjwa, zaidi ya 30 mpya. Buxton, nyumba moja ya zamani inazaa zaidi ya tatu. Kaunti haikutoa fedha za ujenzi. Sehemu ya nyumba huwekwa kwenye kundi la bei nafuu, na nyingine huuzwa kwa bei ya soko ili mwekezaji arudishe mtaji na faida.

Tazama sasa hizo posho za kuhama, maana watu wengi huzipita haraka. Pangani kila mpangaji alipewa Sh 600,000 za kukaa nje miaka miwili, yaani Sh 25,000 kwa mwezi. Buxton ilikuwa Sh 240,000, yaani Sh 10,000 kwa mwezi. Nairobi ni ghali kuliko Mombasa, sawa, lakini si kwa kiasi hicho. Kutoka Buxton mtu hutembea kwa miguu hadi Mwembe Tayari. Kwa Sh 10,000 familia yenye watoto wanne haipati nyumba ya hadhi ileile kisiwani, kwa hiyo inavuka kwenda Kisauni au Likoni. Mtoto aliyekuwa akienda shule kwa miguu anahitaji nauli, na mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi barazani mwake alfajiri anawaacha wateja wake wote nyuma. Si ajabu wapangaji wa Buxton walikwenda mahakamani.

Je, mradi ungeshindwa kuwalipa zaidi? Tufanye hesabu. Kaya 520 kwa Sh 240,000 ni Sh milioni 124.8. Ukigawa kwa nyumba mpya 1,800, kila moja inabeba takriban Sh 69,000. Kama kila kaya ingepewa Sh 600,000 kama Pangani, jumla ingekuwa milioni 312, na kila nyumba mpya ingebeba takriban Sh 173,000. Tofauti ni Sh 104,000 hivi kwa nyumba. Kwenye nyumba ya Sh milioni 3 hiyo ni chini ya asilimia 4. Mwekezaji akikwambia kwamba kuwatunza wakazi wa zamani kutaua mradi, mwombe aonyeshe hesabu kama hii kwa namba zake mwenyewe.

Posho yenyewe ina kasoro nyingine: huhesabiwa kwa miezi 24 kana kwamba ujenzi hauchelewi. Ukichelewa, mwezi wa 25 ni juu ya mpangaji. Ningetaka mkataba useme kwamba kila mwezi unaozidi analipa aliyechelewa, kwa kiwango kilekile, hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Kipengele hicho kimoja humharakisha mkandarasi kuliko hotuba kumi za mkuu wa kaunti.

Ila kasoro kubwa ya ubia wa aina hii sioni ikijadiliwa vya kutosha. Kaya za Buxton na Pangani zilikuwa za wapangaji wa mji. Nyumba zilizokuja ni za kuuzwa. Waliohamishwa waliahidiwa kipaumbele cha kununua, na kipaumbele cha kununua hakimsaidii asiye na uwezo wa kununua. Nyumba ya Sh milioni 3, kwa mkopo wa riba ya asilimia 9 na muda wa miaka 25, inadai zaidi ya Sh 25,000 kila mwezi. Hiyo ni riba ya huruma, na bado mlinzi, mchuuzi wa sokoni au mwalimu wa chekechea hawezi. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba kama 30,000 tu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Nairobi takriban kaya tisa kati ya kumi hazimiliki nyumba zinamokaa. Mji wa wapangaji unavunja nyumba za kupanga za umma na kujenga za kuuza, halafu unashangaa kwa nini vibanda vya mabati haviishi.

Kuuza kiwanja tu

Hii haihitaji maneno mengi. Kuna halmashauri zinazoshawishika kuuza eneo kwa mnada na kutumia fedha kwa mambo mengine. Fedha huisha ndani ya bajeti moja au mbili, kiwanja hakirudi. Tanzania iliuza maelfu ya nyumba za serikali kwa watumishi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikiwa kwenye maeneo bora ya miji, kisha Bunge likajikuta linajadili namna ya kuzirudisha. Kenya ilihitaji Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti mwaka 2004, kueleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Kama diwani ana nia njema na bado anataka kuuza, auze kipande kidogo cha mbele ya barabara kwa maduka na ofisi, na fedha zifungiwe kisheria kujenga nyumba kwenye kipande kilichobaki.

Njia mbili zisizoletwa mezani

Ya kwanza ni mji kujenga na kupangisha, ukabaki kuwa mwenye nyumba. Vienna, Austria, ulianza miaka ya 1920 baada ya vita, watu wakiwa wamelundikana vyumbani. Mwaka 1923 waliweka kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, iliyowabana zaidi wenye majumba makubwa, na fedha zikajenga nyumba za mji. Leo mji ule una nyumba kama 220,000 zake wenyewe, na karibu nusu ya wakazi wanaishi ama katika hizo ama katika nyumba nyingine zenye ruzuku. Zile za miaka ya 1920 bado zinapangishwa. Zilishalipa gharama zake zamani, na zinaendelea kuhudumia.

Kenya nayo ina tozo ya nyumba: kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Fedha zinakusanywa kila mwezi kutoka kwa watu wengi ambao hawatapata nyumba kamwe, zinajenga nyumba ambayo mmoja wao anauziwa. Wa Vienna walikatwa wakabakiwa na nyumba za wote. Kama tozo imekwisha kuwepo, ningependa angalau theluthi ya nyumba zinazojengwa kwenye ardhi ya umma iwe ya kupanga milele.

Pingamizi linajulikana: kota za zamani zilikuwa za kupanga, na zilioza. Ni kweli. Mabomba yalipasuka, paa zikavuja, kodi ya nyumba ikabaki ya chini mno miaka nenda rudi, na hata ile iliyokusanywa ikaingia kwenye mfuko mkuu ikalipa mishahara. Kilichoziua ni uendeshaji. Kodi iwe ndogo lakini itoshe matengenezo, iwekwe kwenye akaunti yake, na hesabu ibandikwe ukutani chini ya ngazi kila robo mwaka ili wapangaji waisome. Na kumbuka kwamba ghorofa la kuuza nalo linaoza. Lifti ikiharibika, pampu ikishindwa kupandisha maji ghorofa ya tisa, mwenye nyumba masikini hana mfuko wa kuchangia fundi. Kumiliki hati hakuzuii jengo kuchakaa.

Njia ya pili ni kuuza nyumba huku ardhi ikibaki ya umma. Singapore imefanya hivyo tangu miaka ya 1960 kupitia shirika lake la nyumba, HDB: mnunuzi anapata nyumba kwa muda wa miaka 99, ardhi ni ya serikali, na kwa kawaida haruhusiwi kuiuza kabla hajakaa ndani miaka mitano. Sisi tuna msingi huo tayari. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kwa Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya, ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa amana kwa niaba ya wakazi. Hata hapa pwani, mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi ulijaribu tangu miaka ya 1990 mfumo ambamo ardhi inashikiliwa kwa pamoja na mtu anamiliki nyumba yake tu, kusudi wenye fedha wasije wakanunua mtaa mzima.

Masharti ya kuuza tena yana sababu. Katika mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, eneo la Soweto Mashariki, wakazi walihamishiwa nyumba 600 za muda za Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Wengi baadaye waliwapangishia watu wa kipato cha juu kidogo, wao wakarudi kwenye chumba cha mabati. Usiwalaumu. Mtu ambaye hajui kesho atakula nini, akishika kitu cha kumpa kodi kila mwezi, atakipangisha. Lakini nyumba ya umma imeshatoka mikononi mwa waliokusudiwa. Sheria ya Kenya ya 2024 sasa inamtaka mnunuzi apate kibali cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kabla ya kuuza. Ni mwanzo mzuri. Kingekuwa bora zaidi kifungu kinachoipa kaunti haki ya kuwa wa kwanza kununua tena, kwa bei ya awali pamoja na mfumuko wa bei.

Mimi ningechagua vipi

Inategemea eneo lenyewe. Pale palipo na nyumba chache juu ya ardhi kubwa, kama Pangani ilivyokuwa, ningekubali ubia bila kusita sana, maana wakazi wa zamani ni wachache na mradi unaweza kuwatunza vizuri. Ningedai tu kiwanja kitolewe kwa mkataba wa muda badala ya kuhamishwa umiliki, na sehemu ya nyumba zirudi kwa kaunti kama malipo ya ardhi, za kupangisha.

Palipojaa watu, kama Buxton, ningeogopa kuhamisha wote kwa mkupuo. Kota nyingi zina kiwanja cha mpira, ofisi iliyoachwa, karakana ya manispaa. Jenga jengo la kwanza hapo, hamishia humo familia za safu ya kwanza, kisha vunja safu hiyo ujenge la pili. Ni polepole zaidi, na wakandarasi hawapendi, ila watu wanahama mara moja tu, na mradi ukikwama katikati hakuna aliyebaki nje. Chini kabisa ya majengo pawe na vibaraza na vyumba vya biashara ndogo, kwa kodi ambayo muuza mahamri anaiweza.

Palipo na historia ya dhuluma, kama Magomeni, serikali ijenge na ilipe. Halafu ijenge juu zaidi ya idadi ya wanaorudi. Kila familia moja inayorudi ifuatwe na angalau mbili mpya, na kodi za hizo mbili ndizo zitakazolea jengo.

Kama barua ya kuhama imeshafika, anzeni na orodha kabla ya kujadili michoro. Iandikwe kila kaya, idadi ya watu, ukubwa wa nyumba waliyomo, mlemavu au mzee aliyepo, na biashara inayofanyika mlangoni. Waandikwe pia wapangaji wa wapangaji, wale wa vyumba vya uani ambao huwa hawatajwi kabisa. Nakala moja ibaki kwa kamati ya wakazi, moja kwa chifu au mtendaji wa mtaa, moja kwa wakili, zote zikiwa na sahihi na muhuri wa halmashauri kabla bati la kwanza halijang'olewa.